Kabla haijaingia sufuriani, iwe na jina

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwa mkutano wetu wa watu wa bustani za nyumbani, hapa Kahawa West. Wengi hamkufika, wengine mvua iliwazuia, wengine mlikuwa matanga, na mmenisumbua kwa simu niwaambie nilisema nini, kwa hivyo nimeiandika yote vile ilivyotoka. Mahali nilikuwa nashika mmea na kuupitisha kwa watu nimejaribu kueleza kwa maneno.

Hamjambo? Hamjambo tena? Haya, sasa mmeamka.

Wazee wetu mlio hapa mbele, heshima zenu. Wamama wenzangu, vijana, na nyinyi watoto mlioletwa kwa nguvu, karibuni.

Nianze na swali, na mtu asione haya. Nani hapa ana mmea nyumbani, ameupanda mwenyewe, anaumwagilia maji kila jioni, na hajui unaitwaje? Inua mkono. Inua juu tuone. Haya, angalieni hiyo mikono, ni zaidi ya nusu ya watu walio humu ndani. Na nikiuliza ulitoka wapi najua jibu lenu. Ulipewa. Ulienda ushago Desemba, ukitoka ukaambiwa ngoja kidogo, mtu akaingia jikoni akatoka na mbegu zimefungwa kwa kona ya leso, ama kwa kikaratasi cha daftari, ama kwa pakiti ya dawa iliyoisha, ukatia kwa mkoba, ukapanda matatu, ukafika Nairobi usiku umechoka. Mwezi wa tatu mvua ikaanza ukazikumbuka, na jina lilishapotea njiani.

Mimi nauza miche kando ya barabara mwaka wa kumi na mbili huu. Sukuma, spinachi, dania, vitunguu, na mboga za kienyeji. Watu huniletea majani yamefungwa kwa gazeti, wanayaweka hapo mbele yangu, wananiuliza mama hii ni nini, inaliwa? Inaliwa. Hilo ndilo swali la kwanza la kila mtu. Na leo nimekuja kuwaomba tuligeuze hilo swali. Tuanze na inaitwaje. Mkishajua inaitwaje, mambo ya inaliwa ama hailiwi yatafuata yenyewe.

Sasa niwaambie vile nilijifunza mimi.

Shangazi yangu, sisi kwetu tunasema senge, anakaa Kakamega. Alinipa mbegu za terere, yaani mchicha, kwa kikaratasi, kimekunjwa mara nyingi mpaka kikawa kidogo kama sukari ya kupimiwa. Nilikuwa na haraka ya gari. Juu ya karatasi kulikuwa kumeandikwa kitu kwa kalamu, lakini chupa ya maziwa ikavuja ndani ya mkoba na yale maandishi yakawa doa la buluu. Sikujali, nikasema terere ni terere. Nikachukua gunia langu pale nyuma ya nyumba, nikachanganya udongo na mbolea ya mbuzi, nikanyunyiza zote, nikamwagilia.

Baada ya siku chache zikatoka. Zikatoka nzuri sana, nikafurahi sana. Lakini kulikuwa na miche mingine ilikuwa inakimbia kuliko mingine, minene, majani makubwa, na mimi nikasema hii imependa mbolea. Wiki ya nne nikamtuma binti yangu akate tupike na ugali, akaenda na sufuria, akakaa kidogo, akarudi mikono mitupu. Akaniambia mama, hizo kubwa zinanuka vibaya.

Nikamwambia mboga hainuki, kata tuwahi. Akanishikisha jani. Nikaliponda hivi kati ya vidole, nikanusa, na hiyo harufu naikumbuka mpaka leo, ni kama siagi ya njugu iliyoharibika. Nikaliangalia vizuri. Ukingo wake ulikuwa na meno meno, makubwa kwa madogo, hayafanani. Ndugu zangu, terere haina meno. Jani la terere ukingo wake umenyooka, mishipa yake imejitokeza chini, na ukiliponda linanuka tu kama majani. Hiyo haikuwa terere, ilikuwa muranha.

Naona wazee wamenyamaza. Mnaijua. Na mimi naijua tangu nikiwa mtoto, inaota kando ya zizi la ng'ombe na pale taka hutupwa, ina ua refu jeupe kama tarumbeta na tunda la miiba. Mtoto wa kijijini anaambiwa asiiguse kabla hajajua kusoma. Sasa niulizeni, mtu anayeijua muranha tangu utoto, na anauza miche, aliipandaje kwa mikono yake mwenyewe na kuimwagilia mwezi mzima?

Kwa sababu niliijua ikiwa mzee. Sikuwahi kuijua ikiwa mtoto.

Hilo naomba mlishike. Mimea mingi tunaijua kwa umri mmoja tu. Ushago tunaiona ikiwa shambani, kubwa, na maua. Sokoni tunaiona imefungwa fungu, haina mzizi, haina ua. Supamaketi tunaiona ndani ya pakiti. Halafu mtu anakupa mbegu, yaani anakupa mmea ukiwa kwa umri ambao hujawahi kuuona, na unadhani utaujua ukitokea. Hutaujua.

Nilipiga simu Kakamega jioni hiyo hiyo. Senge akashtuka mpaka akaketi chini. Tukaanza kufuatilia, tukapata kwamba terere alizianika kwa turubai karibu na zizi, na muranha ilikuwa hapo pembeni imekauka, tunda lake likikauka linapasuka lenyewe na mbegu zinaanguka. Nimekuja nalo moja, liko hapa kwa kopo la glasi, pitisheni lakini msifungue. Mnaona limepasuka pande nne? Na mbegu zile ndani, nyeusi nyeusi kahawia, bapa, umbo kama figo. Sasa kwa karatasi nyeupe hapa nina mbegu za terere. Ndogo kama kichwa cha pini, za mviringo, zinang'aa. Mbegu moja ya muranha ni kama tatu za terere zikipangwa. Mtu yeyote mwenye macho angeona tofauti. Mimi sikuona kwa sababu sikuangalia, nilizimwaga moja kwa moja kutoka kikaratasi hadi kwa udongo.

Kwa hivyo ombi langu la kwanza ni hilo. Mbegu ukipewa, kabla ya kitu kingine chochote, zimwage kwa karatasi nyeupe, mchana, kwa dirisha. Zitenganishe kwa kidole. Zikiwa aina mbili, panda kwa mikebe miwili. Inachukua dakika tano.

Na msidhani hii ni hofu ya mama mmoja. Muranha ina sumu inaitwa atropini na nyingine skopolamini, ziko kwa majani, ziko kwa mbegu, na kupika hakuziondoi. Mtu akila mdomo unakauka, mboni za macho zinapanuka, moyo unakimbia, mwili unawaka, anaanza kuongea na watu ambao hawapo. Mwezi wa tatu mwaka wa 2019, pale Karamoja, Uganda, watu kama 300 waliugua kwa kula uji wa unga wa msaada, na 5 wakafariki, na uchunguzi ukaonyesha kuna mbegu za muranha zilichanganyika na nafaka. Hao hawakuwa wazembe. Walipewa chakula wakakila. Mbegu ndogo namna hiyo ndani ya mzigo mkubwa namna ile.

Mkila kitu mkaona dalili kama hizo msingoje asubuhi. Hospitali, na mbebe kipande cha mmea, hata kama ni mabaki ya sufuriani. Daktari akiona jani atakuwa mbele sana.

Tuendelee.

Kuna kijana mmoja anakaa Pipeline, ghorofa ya nne, balkoni ndogo ya kuanikia nguo. Nyanya yake wa Kisii alimpa mbegu, akamwambia panda, itakutoa damu ya mji. Akapanda kwa mitungi mitano iliyokatwa. Ikatoka vizuri, majani yamegawanyika vidole vitano kutoka sehemu moja, kama mkono umefunguliwa. Si mnajua hiyo hadithi inaenda wapi? Keateka, yule mwangalizi wa ploti, akaiona kutoka chini. Akapanda ngazi akamwambia ng'oa hiyo bangi yako kabla mwenye ploti hajaleta polisi. Na bangi hapa kwetu si mchezo, kuna sheria ya dawa za kulevya ya 1994, kupanda tu ni kesi.

Na huyu kijana hakuwa na jibu! Hakujua kusema hii ni nini. Alijua nyanya alimpa, basi. Usiku huo alikuwa tayari ameng'oa mtungi mmoja kwa hofu. Rafiki yake akanitumia picha kwa simu, nikamwambia usiguse nyingine, nakuja.

Nilifika asubuhi. Nikamwita keateka, nikamwambia baba, hebu shika hapa kwa shina. Ana nywele nywele laini, zinanata kidogo, sivyo? Akasema ndio. Angalia ukingo wa jani, bangi ina meno kama msumeno, vidole vyake virefu vyembamba, hivi ni vipana, karibu laini. Mtungi mmoja ulikuwa umeanza kuchanua. Nikamwonyesha ua, jeupe, petali nne, na nyuzi ndefu zimetoka nje kama masharubu ya paka, halafu kuna ganda refu jembamba la mbegu limeelekea juu. Bangi haina petali hata moja. Nikamwambia, baba, hii ni saga. Yule mzee akanyamaza, akachuma jani, akalionja, akatema, akasema chungu kweli, hii mamangu alikuwa anaipika na maziwa. Kumbe na yeye alikuwa anaijua, lakini anaijua ikiwa kwa sahani.

Leo hapo Pipeline keateka ana mitungi yake mitatu.

Sasa nisimame hapo kwa jina la saga kidogo kwa sababu napenda sana hii habari. Kisii wanasema chinsaga. Waluhya tunasema tsisaka. Waluo wanasema dek. Wakalenjin wanasema isagek. Wakikuyu wanasema thageti. Na Kiswahili chenyewe ni mgagani, lakini hapa Nairobi ukisema mgagani kwa Mama Mboga atakuangalia tu. Mmea mmoja! Chukueni managu, Kiswahili mnavu, Kiluo osuga, Kisii rinagu. Chukueni terere, Kiluo ododo, Kisii emboga, Kiluhya tsimboka, Kiswahili mchicha. Humu ndani tuko watu wa kila kabila, na tukibadilishana mbegu kila mtu anatoka na jina la lugha yake, na mwenzake halielewi, na baada ya wiki mbili amelisahau.

Ndiyo maana kuna yale majina ya kisayansi, na tafadhali msiyaogope. Mswidi mmoja anaitwa Linnaeus alichapisha kitabu mwaka wa 1753 akaipa kila mmea aliyoijua majina mawili, la kwanza ni kama la ukoo na la pili ni lake mwenyewe. Saga ni Gynandropsis gynandra. Muranha ni Datura stramonium. Hayo majina Mjaluo na Mkisii na Mjapani wanayaandika sawa. Mimi huyaandika kwa pakiti chini ya jina la mama. Juu jina la mama, chini jina la dunia. Yote mawili nayataka. Jina la mama linakuambia inapikwa vipi, na hilo la dunia linakuwezesha kutafuta habari zake bila kuchanganya.

Sasa mtaniuliza, nitalijuaje hilo jina? Tuseme aliyekupa mbegu ameshakufa, ama amesahau. Utaanzia wapi?

Anza na kungoja. Najua hamtaki kusikia hivyo, lakini mmea hujitambulisha ukichanua. Jani linaweza kukudanganya, ua ni vigumu. Ukiona petali nne zimekaa msalaba, na jani linafanana na sukuma, uko kwa ukoo wa kabichi, haradali, kanzira. Ukiona ua kama kipepeo amekunja mabawa, hiyo ni ukoo wa kunde na maharagwe na mitoo. Ua dogo jeupe la pembe tano, katikati manjano yamesimama pamoja, huo ni ukoo wa managu, nyanya na biringanya, na muranha iko kwa huo huo ukoo, kwa hivyo hapo pole pole.

Wakati unangoja, tumia mikono. Shina lizungushe kati ya vidole. Likiwa na pembe nne, na jani linanukia, labda ni ukoo wa nana na rehani. Vunja jani uone kama linatoa maziwa, na kama linatoa usijiguse macho kabla ya kunawa, mnaojua mnyaa mnaelewa. Angalia majani yanakaa mawili mawili yakitazamana ama yanapishana moja huku moja kule. Kitu kimoja tu msifanye, msionje. Yule keateka alionja saga tulipokuwa tumeshaitambua. Usionje ili ujue. Jua kwanza.

Na simu je? Vijana nawaona mnataka kuniambia mama si kuna programu, unapiga picha unaambiwa. Ndio ziko, na mimi nazitumia kila siku, zinasaidia kweli. Lakini ile miche yangu ya muranha, kabla sijampigia senge, niliipiga picha, na simu ikaniambia biringanya. Biringanya! Ukoo ni sawa, umekaribia, lakini mwanangu hangekula ukoo. Hizo programu zinabahatisha kwa picha zilizoonyeshwa, na miche midogo karibu yote inafanana. Piga picha nyingi. Mmea wote, jani juu na chini, pale jani linashikana na shina, ua kwa mbele na kwa ubavu, tunda limekatwa, na weka shilingi kumi kando ili ukubwa uonekane. Halafu chukua jibu kama jina la kwenda kuulizia, usilichukue kama ruhusa ya kupika.

Kuna mama wa mtaa wa Zimmerman, yuko hapa lakini amenikataza kumwonyesha. Rafiki yake alitoka Pwani akamletea mbegu nyeusi, za mviringo, zimekunjamana ngozi, akamwambia ni pilipili manga. Na ukiziangalia, ndugu zangu, ni pilipili manga kabisa. Akapanda kumi kwa ndoo, zilizobaki akazitia kwa kopo la viungo pale jikoni. Kopo la viungo! Mmea ukaota, ukawa kichaka, hadi kiunoni. Sasa mimi nikamuuliza, mama, pilipili manga si inatambaa kama mzabibu, mbona hii imesimama peke yake? Na pilipili manga ya dukani huchumwa haijaiva ikakaushwa, haioti, hii ilioteaje? Hakuwa na jibu, tukakubaliana tungoje.

Siku moja akanipigia jioni, kama saa kumi na moja, anapiga kelele ya furaha, njoo uone. Nikaenda. Kichaka chote kilikuwa kimefungua maua, waridi hapa, manjano pale, na mengine yamechanganya rangi mbili kwa ua moja, na harufu tamu imejaa uani, na asubuhi yalikuwa yamefungwa kabisa. Hapo nikajua. Ni Mirabilis jalapa, asili yake ni nchi za joto za Amerika huko, na Waingereza huiita ua la saa kumi kwa sababu hufunguka jioni. Ua zuri sana, liacheni lichanue. Lakini mbegu yake ina sumu, na mizizi pia. Tuliingia jikoni pamoja, tukamwaga kopo lote la viungo, tukaliosha na maji moto. Hakuwa amepika pilau tangu hizo mbegu ziingie humo, na mimi nasema ni Mungu.

Ukikwama kabisa, kuna mahali pa kwenda, na ni hapa hapa mjini. Pale Museum Hill, kwa makavazi ya kitaifa, kuna Herbaria ya Afrika Mashariki. Ni nyumba ya mimea iliyokaushwa, sampuli kama milioni moja, zimebandikwa kwa karatasi moja moja, kila moja na jina, mahali ilitoka na siku ilichumwa. Ilianzia Amani, kule milima ya Usambara, mwaka wa 1902, ikahamishiwa Nairobi 1950. Watu wangapi humu mmepita hiyo barabara kwa matatu maisha yenu yote na hamkujua? Na mimi sikujua, miaka na miaka.

Ukitaka kuwapelekea mmea, usiwapelekee jani moja limenyauka mfukoni. Kata tawi lenye ua ama tunda, lipange kati ya magazeti, weka vitabu vizito juu, badilisha gazeti kila siku mpaka likauke. Andika ulipoipata, tarehe, urefu wake, rangi ya ua kwa sababu ikikauka rangi inapotea, na jina la aliyekupa mbegu na alivyoiita. Hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau.

Nigusie jambo moja kwa haraka. Kuna mbegu za kupewa na watu na kuna mbegu zinazojileta. Mwaka wa 2020 huko Marekani watu wa kila jimbo walianza kupokea pakiti za mbegu kwa posta kutoka China, hawakuagiza, nyingine zimeandikwa nje kwamba ni mapambo ya kuvaa. Wizara yao ya kilimo ikawaambia msipande, tuleteeni. Walipochunguza wakakuta nyingi ni vitu vya kawaida, haradali, kabichi, nana, waridi. Lakini walifanya vizuri kuuliza kwanza. Sisi hapa tuna KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kwa kazi hiyo, na jamaa yenu akitoka ng'ambo na mbegu kwa soksi mwambieni azipitishe huko. Mnakumbuka ule mti wa mathenge pale Baringo? Ililetwa miaka ya themanini kwa nia njema kabisa, iwape watu kuni na izuie jangwa. Ikala malisho, maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi, mpaka wananchi wakaenda mahakamani na mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Ilikuwa zawadi ile.

Lakini nisiwatishe mkaacha kupeana mbegu. La hasha! Mimi maisha yangu ni mbegu za kupewa. Miaka mingi sheria ya nchi hii ilikuwa inamtishia mkulima jela ama faini ya hadi shilingi milioni 1 kwa kuuza ama kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa, mbegu za nyanya yake! Wakulima wakaenda kortini, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vile vifungu vinakiuka katiba. Nilisikia hiyo habari kwa redio nikiwa nanyweshea miche nikaacha bomba likamwaga maji. Sasa kama tumepewa nafasi ya kupeana mbegu hadharani, tuzipeane na majina yake. Mtu akikupa mbegu usimwachie mlango kabla hajakuambia tatu: inaitwaje kwenu, inakuwaje ikiwa ndogo, na nyinyi huifanyia nini. Kama amezeeka, mrekodi kwa simu akisema. Sauti yake yenyewe.

Kwa sababu sijawamalizia habari ya kile kikaratasi cha senge.

Nilipong'oa muranha yote, kulibaki terere, na kulibaki mche mmoja ambao haukuwa terere wala muranha. Mmoja tu. Nilitaka kuung'oa pia kwa hasira, mkono wangu ulikuwa umeushika. Nikauacha. Ukaanza kutambaa, shina la zambarau, nene, lina maji, majani manene yanang'aa kama yamepakwa mafuta, ukapanda dirisha ukashika vyuma vyote vya grili. Ukatoa maua madogo madogo ambayo ni kama hayataki kufunguka, halafu tunda jeusi la zambarau, ukilifinya vidole vinabaki vyekundu siku nzima. Hapo nikapiga picha nikampelekea binamu yangu amwonyeshe senge.

Senge hakungoja, alinipigia yeye mwenyewe. Akaniambia hiyo ni nderema. Ndiyo niliandika kwa karatasi. Nilikuwekea mbegu moja moja ndani ya terere, nikaandika, kwa sababu mama yako alipokuwa na mimba yako hakuwa anataka mboga nyingine. Alikuwa anaipika na kunde, na akikosa analia.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita. Hakuna mtu alikuwa amewahi kuniambia hivyo. Na ilikuwa imeandikwa kwa kalamu juu ya kile kikaratasi, nikaibeba kutoka Kakamega hadi hapa, ikafutwa na maziwa.

Haya. Nimewaletea mbegu zake. Pakiti ishirini, ziko kwa ile meza ya nyuma, na kila moja nimeiandika kwa penseli kwa sababu penseli haifutiki na maji: nderema, Basella alba, kutoka kwa senge, Kakamega, panda karibu na kitu cha kupanda juu. Kuna karatasi nyeupe na penseli za ziada kwa wale mmekuja na mbegu zenu. Zimwageni, tuziangalie pamoja. Foleni ianzie upande wa dirisha, huko kuna mwanga.